Picha inapokimbia vidole: Kinachotokea ndani ya simu unapoikuza sura ya mtu wako

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwetu Seeb, kijana wa kaka yangu alimpa Bibi simu akamwambia atizame picha. Kahawa ilishazunguka mara mbili, halwa imebaki kidogo pembeni mwa bakuli, na watoto kwa bahati walikuwa wametulia. Bibi huyo ni mama yangu mzazi, lakini tangu wajukuu wawe wengi nyumba nzima tunamwita hivyo.

Picha yenyewe ni ya skuli, Unguja, 1958. Wasichana 41 katika safu nne, wamevaa nguo nyeupe, wamepangwa mbele ya ukuta uliopigwa na jua. Nyuma ya karatasi pana muhuri wa Capital Art Studio, ile studio ya Mji Mkongwe iliyofunguliwa 1930 na Ranchhod Oza. Na hapo hapo barazani, ukutani juu ya kochi kubwa, tuna fremu ya sura moja iliyokatwa kutoka picha hiyo hiyo: msichana wa safu ya pili, wa tatu kutoka kushoto. Huyo ndiye Bibi alipokuwa na miaka 13. Alitengenezewa kama zawadi ya Idi miaka mitatu iliyopita. Ina ukungu kidogo, lakini kila mgeni akiingia huambiwa, tizama, si mjukuu wake mtupu huyu?

Kijana kazi yake ni kutengeneza programu za simu. Kwa ajili ya ukoo alitengeneza moja ndogo: picha zote za zamani ziko pahala pamoja, unagusa uso wa mtu, unaandika jina lake. Ni fikra nzuri, tena ya haraka, kwa sababu katika sisi sote anayewajua wale wasichana ni Bibi peke yake, na jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho. La kushoto daktari anasema tungoje.

Basi Bibi akaweka vidole viwili kwenye kioo, akavitanua kama anavyoona wajukuu wakifanya. Picha ikakua, lakini ikakimbia. Alikuwa ameweka vidole juu ya msichana, sasa anaona kipande cha ukuta. Akavuta pembeni, ukuta ukaondoka, kukaja weusi mtupu. Akatanua tena, picha ikarudi ghafla kwenye udogo wake wa mwanzo. Akairudisha simu.

"Shika simu yako, babu. Hii hainitaki. Vidole vyangu vishazeeka."

Kijana akasema, "Hapana, Bibi, fanya polepole tu." Akamwonyesha. Kwa mkono wake yeye picha ilikwenda vizuri, maana yeye alishaizoea kasoro yake bila kujua. Bibi akajaribu tena, ikakimbia tena, na mara hii hakusema kitu. Akaomba maji.

Nimeona jambo hili katika nyumba nyingi za wenzetu, hapa Maskati na kwengineko. Mzee anashindwa na kitu kwenye simu, anajilaumu umri wake, na sisi vijana na nusu-vijana tunamkubalia kimya kimya. Kwa Ijumaa nne zilizofuata nilikaa na kijana akiifungua programu yake na kuitengeneza upya, nami nikiuliza maswali ya kijinga. Nilichojifunza ni kwamba vidole vya mama yangu havikuwa na kosa lolote.

Kuikuza picha peke yake ni jambo jepesi. Simu hupima umbali kati ya vidole viwili pale vilipogusa kioo, na huendelea kupima vinapotembea. Vikianza mbali kwa pikseli 200 na vikafika 400, picha iwe kubwa mara mbili. Vikirudi 100, iwe nusu. Gawanya umbali wa sasa kwa umbali wa mwanzo, jibu umelipata. Mtoto wa darasa la sita anaiweza hesabu hiyo.

Kazi iko kwenye swali jengine: ikue kutokea wapi? Mtizame mtu anayesukuma chapati. Donge linatanuka pande zote, lakini pale katikati alipobonyeza panabaki pale pale ubaoni. Simu haina akili hiyo. Usipoiambia kitu, picha huikuza kutokea kona ya juu kushoto, kwa sababu huko ndiko hesabu zake zote zinakoanzia. Sema uso wa yule msichana uko pikseli 300 kutoka ukingo wa kushoto, na kioo kizima kina upana wa 400. Ukiikuza picha mara mbili kutokea konani, uso sasa uko pikseli 600. Umeshatoka nje ya kioo. Bibi alikuwa anautafuta ndani ya simu, na uso ulikuwa, kwa maana ya hesabu, uko juu ya mkono wa kochi.

Dawa yake ni kutoa moja tu. Picha inapokuzwa mara mbili, hapo hapo irudishwe kushoto kwa pikseli 300, uso ubaki 300. Juu na chini vilevile. Kilichokuwa chini ya vidole kibaki chini ya vidole, muda wote vidole vinapotembea, si mwisho tu. Na kwa kuwa mtu hatanui vidole akiwa ameganda, ile nukta ya katikati ya vidole nayo husogea kidogo, na picha inatakiwa iifuate. Kwa hiyo kukuza na kusogeza si kazi mbili zinazopokezana zamu. Zinakwenda pamoja katika mkono mmoja, kila mara kioo kinapochorwa upya, na simu ya kawaida hukichora mara 60 kwa sekunde.

Kile kurudi ghafla kwenye udogo kilikuwa ni usahaulifu mwengine. Mtu akitaka kukuza sana hawezi kwa mpigo mmoja, kiganja hakitoshi. Anatanua, ananyanyua vidole, anatanua tena. Programu inatakiwa ikumbuke ilipofikia na kuzidisha juu yake. Ya kijana ilikuwa inaanza na moja kila vidole vinapogusa. Yeye hakuona, kwani kwa majaribio yake alikuwa akitanua mara moja tu, anaridhika, anaendelea na mengine.

Hapa nikamuuliza kwa nini alijiandikia haya yote wakati kila chombo cha kutengenezea programu kina kitu kilichokwisha tayarishwa. iPhone wana UIScrollView. Android wana ScaleGestureDetector tangu 2010. Na Flutter ya Google, anayoitumia yeye kwa kuwa inafanya kazi kwenye simu za aina zote mbili, ina InteractiveViewer tangu 2020, inayojua kukuza, kusogeza na kuweka mipaka.

Akacheka. "Ami, nilidhani ni kazi ya saa moja."

Sikumlaumu sana. Akaitoa aliyoiandika, akaweka ile iliyo tayari, na kukimbia kwa picha kukesha siku hiyo hiyo. Weusi mtupu nao ukaondoka, kwa sababu kile chombo hakiruhusu picha kuvutwa mpaka ikatoka nje. Lakini Bibi alipoishika simu Ijumaa ya pili alisema, "Mbona haikui?" Ilikuwa inakua, mpaka mara mbili na nusu, kisha inagoma. Hicho ndicho kiwango ambacho InteractiveViewer huja nacho usipokibadilisha. Kwa picha ya mtu mmoja kinatosha. Sasa fanya hesabu ya wasichana 11 kwenye safu moja, katika kioo cha upana wa sentimita sita na nusu: kila uso una kama milimita mbili. Ukiukuza mara mbili na nusu unapata milimita tano, punje ya mchele. Kijana akapandisha mpaka mara 12.

Kuna kasoro moja ambayo nahisi nisingeiona kamwe lau si mkono wa mama yangu. Sisi tukimaliza kukuza tunanyanyua vidole vyote viwili pamoja. Yeye ananyanyua kimoja, anapumzika, kisha cha pili. Katika ile nusu sekunde simu ina kidole kimoja tu, na mahesabu yaliyokuwa yakifuata nukta ya katikati ya vidole viwili yanahamia kwenye kidole kilichobaki. Kama programu haikutayarishwa, picha inaruka kwa umbali huo huo: nusu ya nafasi iliyokuwepo baina ya vidole. Kijana aliporudisha maandishi yake mwenyewe baadae kwa sababu nitakayoieleza, mruko huu ukarudi nao. Dawa ni kwamba kila idadi ya vidole inapobadilika, kiwe kimeongezeka au kimepungua, simu ianze kupima upya kutoka hapo ilipo, bila kuisogeza picha hata kidogo. Ni mistari minne mitano ya programu. Lakini lazima kwanza ujue kuwa duniani kuna mtu anayenyanyua vidole kwa zamu.

Na hapo nataka nisimame kidogo, kwa sababu ishara hii ya vidole viwili wengi wetu tunaijua kama kitu cha vijana. Tuliiona Januari 2007, Steve Jobs alipoionyesha iPhone huko San Francisco, na watu ukumbini wakapiga kelele. Haikuzaliwa siku ile. Myron Krueger wa Marekani katika miaka ya 1980 alikuwa akikuza na kupunguza maumbo kwa vidole mbele ya kamera, katika kazi yake aliyoiita Videoplace. Kisha akaja Wayne Westerman, mwanafunzi wa University of Delaware, ambaye mikono ilikuwa ikimuuma kwa kazi ya kibodi. Yeye na mwalimu wake John Elias wakatafuta namna ya kuitumia kompyuta kwa kuigusa tu bila kubonyeza kwa nguvu, wakaanzisha kampuni yao, FingerWorks, na Apple wakainunua 2005. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunayoyafanya leo kwenye kioo ilianzia kwa mtu mwenye mikono mibovu. Nilimhadithia Bibi. Akasema, "Sasa huyo angenielewa."

Ugomvi wa mahakamani nao ulikuwepo. Huko California Apple waliwashitaki Samsung, na mwaka 2012 baraza la mahakama likaamua Samsung walipe zaidi ya dola bilioni 1, kiasi kilichobadilishwa baadae mara kadhaa mpaka pande mbili zikaelewana 2018. Moja ya hataza zilizogombaniwa, nambari 7,844,915, magazeti yaliiita hataza ya kufinya na kukuza. Ukiisoma, moyo wake ni jambo dogo: simu itambue kwamba kidole kimoja kimekuja kusogeza, na viwili au zaidi vimekuja kukuza. Mabilioni kwa ajili ya kuhesabu moja na mbili! Lakini nilipoona kilichompata kijana Ijumaa ya tatu nikafahamu kwa nini.

Programu yake ilikuwa inaruhusu kupita kutoka picha moja hadi nyengine kwa kutelezesha kidole. Bibi akaikuza skuli yake vizuri, akamwona msichana wa pembeni, akaweka kidole kimoja amsogeze aje katikati. Simu ikadhani anataka picha inayofuata. Ikamletea harusi ya 1983. Akarudi, akaikuza tena, akasogeza, harusi tena. Mara ya tatu akaweka kidole kwa tahadhari, kikamtetemeka kidogo, na programu ikadhani amegusa uso ili aandike jina. Kibodi ikaruka kutoka chini na kufunika nusu ya picha.

Kidole kimoja, na maana tatu: sogeza picha, pita picha nyengine, andika jina. Mtu anajua mwenyewe anachotaka. Simu inakisia kutokana na kidole kilivyotembea, kwa kasi gani, kwa muda gani, na picha iko katika hali gani. Ile kanuni kijana aliyoiandika hatimaye naipenda, na ndiyo iliyomlazimu kuyarudisha baadhi ya maandishi yake mwenyewe. Picha ikiwa nzima kwenye kioo, kidole kimoja kinapitisha picha. Ikishakuzwa hata kidogo, kidole kimoja kinasogeza tu, na hakipitishi mpaka ufike ukingo wa picha, unyanyue, uvute tena. Jina haliandikwi kwa kugusa. Mpaka ubonyeze na ukae. Na mtetemeko mdogo wa kidole usihesabiwe kuwa ni mwendo. Android yenyewe huacha nafasi ndogo kabla haijakubali kwamba kidole kimetembea. Kijana akaipanua kwa kipimo cha mkono wa Bibi.

Akaongeza na vitufe viwili vikubwa chini, cha kujumlisha na cha kutoa. Wenzake kazini walimcheka kuwa vinaharibu sura ya programu. Nadhani wao ndio wa kuchekwa. Miongozo ya kimataifa ya kuwafikishia huduma watu wenye ulemavu kwenye mtandao, katika toleo lake la 2018, inasema wazi kwamba linalofanywa kwa vidole viwili lazima liwezekane pia kwa kimoja, isipokuwa pale ambapo vidole viwili ni vya lazima kweli. Mama yangu simu anaishika kwa mkono wa kushoto, na wa kulia una kidole kimoja kinachomsikiliza vizuri. Kugusa mara mbili kunakuza pale alipogusa, na kitufe kinaongeza. Vidole viwili ameviacha, na hakuna alichokikosa.

Basi picha ikatulia. Na ilipotulia ndipo tulipokuta kwamba ndani yake hamna kitu.

Bibi aliukuza uso wa kwanza, akaona viraka vya kijivu. Wa pili, viraka. Ile tuliyoiweka ilikuwa ni nakala iliyopita kwenye magrupu ya familia, kutoka Dubai hadi London hadi kwetu, na programu za kutumiana ujumbe kwa kawaida hupunguza picha ili isafiri haraka. Yetu ilikuwa imebaki na upana wa pikseli 1,600. Gawa kwa wasichana 11, kila mmoja ana kama 145, na uso ni theluthi yake: pikseli 48 hivi. Kioo cha simu ya kawaida kina pikseli 1,080 kwa upana, kwa hiyo ukishaikuza picha ile mara moja na nusu, simu haina jipya la kukuonyesha. Kuanzia hapo inatanua vile vile vilivyopo na kuvipaka ukungu. Hakuna programu itakayorudisha nyusi ambazo hazimo. Zile zinazodai kusafisha sura za zamani kwa akili mnemba hubuni nyusi zinazofanana na nyusi, na kwa picha ya mtu wako hiyo mimi naiona ni hatari: unaletewa mtu mwengine, naye mzuri.

Karatasi yenyewe ilikuwa kwa dada yangu, Dubai, ndani ya albamu. Nikampigia. Akaenda nayo kwenye duka la kuskani, akasimama pale pale wakiiskani kwa pikseli 600 kwa kila inchi. Picha ya sentimita 24 kwa 18 kwa kiwango hicho hutoa pikseli 5,669 kwa 4,252. Uso ukapanda kutoka 48 hadi kama 170. Akaituma kama faili, si kama picha, ili isipunguzwe njiani. Ukitaka kutuma zako fanya hivyo hivyo. WhatsApp tangu 2023 wana chaguo la HD, ambalo linasaidia, lakini faili inafika kama ilivyoondoka. Na mwambie anayeskani askani na upande wa nyuma, kwani mihuri na maandishi ya kalamu huko ndiko yaliko.

Kulibaki kikwazo cha mwisho, na hiki hakikuwa cha vidole. Faili iliyobanwa ina uzito mdogo, lakini simu ili ionyeshe picha huifungua yote, baiti nne kwa kila pikseli. Pikseli milioni 24 zinakula karibu megabaiti 96 za kumbukumbu kwa picha moja. Simu ya Bibi ni ya miaka sita. Ikajaribu, ikajifunga. Kijana akafanya wanavyofanya watu wa ramani: akaikata picha vipande vya mraba, kwa viwango kadhaa vya ukubwa, na simu inafungua vile tu vinavyoonekana kwenye kioo wakati huo. Ukisogeza, vipya vinaingia na vya zamani vinatoka. Ndiyo maana ukitizama ramani ya Maskati simu yako haifungui dunia nzima.

Kwa msomaji asiye na kijana wa aina hii nyumbani, simu yenyewe ina kikuzaji ambacho wengi hawajakiwasha. Kwenye iPhone ingia kwenye mipangilio ya ufikivu, washa kukuza, kisha gusa kioo mara mbili kwa vidole vitatu. Kwenye simu nyingi za Android kiko pahala hapo hapo kwenye ufikivu, na kuna njia ya kugusa mara tatu kwa kidole kimoja. Kinakuza kila kilicho kwenye kioo, hata ndani ya programu zinazokataa kukuzwa.

Ijumaa ya nne tulimpa Bibi simu bila ya kumwambia kitu. Akavaa miwani, akagusa mara mbili safu ya pili. Nyuso zikaja, na zikakaa. Akasogeza taratibu kuelekea kushoto mpaka akafika kwa yule wa tatu, yule wa kwenye fremu. Akamtizama muda mrefu. Akabonyeza kitufe cha kujumlisha mara mbili zaidi.

"Huyu si mimi," akasema.

Hakuna aliyejibu. Kaka yangu akaangalia ukutani, kisha simu, kisha ukutani.

Bibi akasogeza wasichana wawili kulia. "Mimi huyu hapa. Tizameni nyusi." Pale pana alama ndogo inayoikata nyusi ya kushoto, aliangukia ukingo wa kisima alipokuwa mdogo, na alama hiyo anayo mpaka leo, sote tunaijua, tumekua tukiiona. Kwenye ile nakala ya viraka haikuwepo, na kwenye fremu haingeweza kuwepo.

"Na huyu?" kijana akauliza.

Akamtaja jina kamili, la baba na la babu, bila ya kufikiri. Wakikaa dawati moja. Akimsaidia hesabu, na Bibi akimwandikia insha. Walionana kwa mara ya mwisho 1964, dukani, hata salamu haikukamilika vizuri kwa kuwa kila mmoja alikuwa na haraka. Sisi tukatoka, wao wakabaki. Tangu hapo hajui.

Kaka yangu akasimama, akapanda juu ya kochi kuishusha ile fremu. Bibi akamnyanyulia mkono.

"Mwache. Kakaa hapo miaka mitatu, leo umtoe umpeleke wapi?"

Mpaka naandika haya yameshaingia majina 17 katika 41. Safu ya juu bado, huko jua liliwapiga machoni na nusu yao wamekunja uso. Kijana ameniandikia jana usiku kwamba ameona kasoro nyengine: ukiilaza simu ubavu, picha iliyokuzwa inarudi mwanzo. Bibi hailazi simu, lakini dada yangu anakuja na wanawe Ijumaa ijayo, na wao huilaza.